Mechi ya sekondari Tabora ukiwa na mtoto mdogo: uwanja wa shule, bonanza au Ali Hassan Mwinyi?

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, mechi ni watu, ngoma, mbwa anayekatiza uwanja na mchanga ulio miguuni pake. Matokeo hayamhusu. Kwa hiyo mzazi anayechagua mechi ya kumpeleka aache kwanza swali la nani anacheza na nani, aulize mambo matatu: kivuli kiko upande gani, mpira unaanza saa ngapi kweli, na mtoto akichoka mnaweza kutoka kwa haraka kiasi gani. Ukipima kwa vigezo hivyo, mechi za sekondari hapa Manispaa ya Tabora zinaangukia makundi matatu, na tofauti zake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kuna mechi ya jioni kwenye uwanja wa shule yenyewe, ya kirafiki au ya ligi ya shule, za aina wanazocheza vijana wa Milambo, Kazima, Uyui, Tabora Boys na sekondari za kata. Kuna bonanza au mashindano ya siku nzima, ambapo timu kadhaa zinakutana mahali pamoja tangu asubuhi. Hatua za wilaya na mkoa za UMISSETA, mashindano ya taifa ya michezo ya shule za sekondari, ziko humu. Na kuna mechi kubwa inayopelekwa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, kwa kawaida fainali au ufunguzi.

| | Uwanja wa shule, jioni | Bonanza la siku nzima | Ali Hassan Mwinyi |
|---|---|---|---|
| Muda wa kukaa na mtoto | Kipindi kimoja, dakika 45 | Saa 2 za asubuhi tu | Saa 1 na nusu hadi 2, pamoja na foleni |
| Kivuli | Miti, ukijua upande | Miti na maturubai, lakini yanajaa | Kinategemea mahali ulipokaa jukwaani |
| Kutoka haraka | Rahisi sana | Rahisi | Vigumu mechi ikikaribia kwisha |
| Kelele | Ngoma na nyimbo, unaweza kusogea mbali | Spika kubwa kutwa | Kali, na umekaa ndani yake |
| Mpira kumpiga mtoto | Inawezekana, chagua mahali | Inawezekana, viwanja ni vingi | Si rahisi |
| Umri unaofaa | Mwaka 1 na kuendelea | Mwaka 1 na nusu na kuendelea | Miaka 3 na kuendelea |

Uwanja wa shule jioni

Huu ndio tunaoupendekeza kwa walio wengi, na sababu kubwa ni kwamba haukubani. Umesimama pembeni, mtoto ameanza kulia, unageuka na kuondoka. Hakuna ngazi za kushuka wala geti la kugombania, na kwa kuwa mara nyingi hakuna kiingilio, huna pesa ya kukuuma ukiondoka dakika ya 20.

Tatizo lake la kwanza ni saa. Kwa sheria za mpira wa miguu, mechi kamili ni dakika 45 mara mbili na mapumziko yasiyozidi dakika 15. Ikianza saa 10:00 jioni sawasawa inakwisha saa 11:45, ukiacha dakika za nyongeza. Lakini mechi za shule huchelewa: wageni wako njiani, wavu ndio unafungwa, refa wa pembeni anatafutwa. Nusu saa inakwenda hivihivi, na nusu saa hiyo ndiyo inayokula subira yote ya mtoto kabla mpira haujaguswa. Wazazi wengi hufika mapema ili wapate nafasi nzuri. Ukiwa na mtoto mdogo fanya kinyume chake: mpigie mwalimu wa michezo au kijana aliyeko uwanjani, uambiwe mpira umeanza, kisha utoke nyumbani. Kama nyumba iko mbali, panga kabisa kufika mapumziko yakianza. Mtoto atapata dakika 15 za kuzoea mahali, uwanja ukiwa umetulia, halafu kipindi cha pili chote.

Kipindi cha pili kina faida nyingine, nayo ni jua. Tabora iko magharibi sana mwa Dar es Salaam lakini saa ni ileile moja ya nchi nzima, kwa hiyo jua letu linachelewa kuzama. Mwezi Juni linazama mnamo saa 12:45 jioni, kama nusu saa baada ya Dar. Maana yake saa 10:00 ya Tabora bado ni mchana: jua liko juu, na mti wa mita 8 unatoa kivuli cha mita 11 hivi. Saa 11:00 mti huohuo unatoa kivuli cha karibu mita 20. Mzazi aliyefika saa 10:00 akabanana na watu 30 chini ya mwembe mmoja angefika saa 11:00 angekaa kwa raha.

Upande wa kukaa ni wa magharibi, jua likiwa mgongoni. Miti iliyo nyuma yako inatupa kivuli kuelekea uwanjani, juu yako na mtoto, na kadiri jua linavyoshuka ndivyo kivuli kinavyosogea mbele. Upande wa mashariki mambo yanageuka: kivuli cha miti kinakimbilia nje ya uwanja, na jua linawapiga machoni hadi mwisho. Juni na Julai jua linaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo kivuli kinalala kusini-mashariki ya shina. Tandika mkeka huko, hata kama kwa dakika chache za kwanza hapana kivuli kamili.

Halafu kuna mahali pa kukaa ukifuata mstari wa pembeni. Usikae nyuma ya goli, kabisa. Mpira namba 5 una uzito wa gramu 410 hadi 450. Ukipigwa kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa unakwenda mita 20 kila sekunde, na mtu aliyekaa mita 10 nyuma ya goli ana nusu sekunde ya kumkinga mtoto. Viwanja vingi vya shule havina wavu uliokazwa, na vingine havina wavu wenyewe. Pembe za uwanja nazo si nzuri, maana mipira ya kona na krosi zilizokosewa huishia huko. Kaa karibu na mstari wa katikati, mita 8 hadi 10 nyuma ya mstari wa pembeni. Mipira itakuja pia, hasa beki akibutua, lakini inakuja juu, inaonekana, na mtu mzima anapata muda wa kusimama.

Mita hizo 8 hadi 10 zina kazi nyingine. Mtoto wa miaka miwili akichomoka mkononi anafika uwanjani kwa sekunde chache tu, na mchezaji anayekimbia macho yakiwa kwenye mpira hamwoni kiumbe mwenye kimo cha sentimita 85. Ndiyo maana watu wazima wawili ni bora kuliko mmoja, na ni bora wakubaliane wazi: huyu anaangalia mpira, huyu anaangalia mtoto, mapumziko wanabadilishana. Wote wawili wakiangalia mpira, hakuna anayemwona mtoto.

Mashabiki wa shule hawakai. Wanakimbia kando ya uwanja na matawi na ngoma, na goli likiingia wanamiminika ndani kushangilia, halafu wanarudi kwa kasi ileile refa akipuliza filimbi. Mtoto aliyesimama kwenye njia yao anaangushwa bila mtu yeyote kukusudia. Kabla hujatandika mkeka, angalia ngoma ilipo. Upande wa walimu na mabenchi ya wachezaji wa akiba ndio salama zaidi. Ikitokea kwamba upande wa kivuli ndio upande wa ngoma, chagua kivuli, lakini sogea mita 30 au 40 kutoka kwenye ngoma.

Kusogea huko kunasaidia masikio kuliko chochote utakachoyafunika nacho. Kwenye uwanja wa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua kwa desibeli 6. Vuvuzela iliyo karibu inazidi desibeli 110, kiwango kinachoweza kuumiza sikio la mtoto kwa dakika chache. Ukiwa mita 2 kutoka kwake, ukaenda mita 4, kisha 8, kisha 16, umepunguza desibeli 18. Kipimo cha mtu asiye na mashine ni hiki: kama unalazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, mahali hapo pana kelele mno kwa mtoto. Pamba haisaidii. Ukiitia masikioni inapunguza sauti kidogo sana, na mtoto huitoa akaitia mdomoni.

Hatari ambayo haitajwi ni bodaboda zilizoegeshwa. Vijana huzipanga nyuma ya watazamaji, zimetoka kukimbia, na ekzosi iko kwenye kimo cha paja na tumbo la mtoto. Anaishika au anaiegemea, na ngozi inabanduka. Kaa mbali nazo. Akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, au mimina kidogo kidogo kutoka kwenye chupa kama hakuna bomba. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala asali, hata kama kila aliyekuzunguka anakuambia hivyo. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, nenda kituo cha afya hapohapo. Kwa walioko mjini, Hospitali ya Kitete.

Chini nako kuangaliwe. Wakati wa kiangazi viwanja vyetu vimejaa mbigili, na ndala nyembamba haizizuii. Yeboyebo zenye soli nene au viatu vya kufunika vinafaa. Peku hapana, kwa sababu ya mbigili, vipande vya chupa na minyoo inayoingilia kwenye ngozi ya nyayo.

Bonanza

Bonanza linavutia kwa sababu lina kila kitu: mpira wa miguu wa wavulana na wasichana, mpira wa pete, riadha, muziki, vyakula. Familia nyingi huenda kutwa. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, kutwa ni kosa, na linaonekana vizuri kwenye saa za usingizi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za kulala kwa siku, na sehemu ya saa hizo ni za mchana. Chini ya spika kubwa halali. Akikosa usingizi wa mchana, saa 9 alasiri analia bila sababu unayoweza kuiondoa, na saa hiyo ndiyo nusu fainali inaanza.

Sehemu nzuri ya bonanza ni asubuhi, saa 2:00 hadi saa 4:00. Jua bado ni pole, vyoo bado ni safi, chakula hakijakaa, watu ni wachache, mshereheshaji hajafungulia spika zote. Mechi za hatua za awali mara nyingi hufupishwa ili ratiba itoshe, na mechi fupi ndiyo saizi ya mtoto. Saa 4:30 ondokeni, mtoto akale na kulala nyumbani. Anayetaka fainali arudi peke yake jioni.

Kama lengo ni mtoto aione michezo ya shule kwa mara ya kwanza, mtazamo wetu ni kwamba umpeleke kwenye pete kabla ya mpira wa miguu. Uwanja wa pete una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, kwa hiyo mtoto anaona kila kitu kutoka mahali pamoja. Mpira unarushwa kwa mikono, haupigwi teke, na ukitoka nje unatoka kwa unyonge. Wachezaji wako karibu, nyuso zao anaziona, kila bao linapigiwa makofi na mabao ni mengi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye mpira wa miguu unamchosha kwa dakika 10 hukaa robo mbili za pete akipiga makofi na wenzake. Ni mchezo unaodharauliwa isivyo haki, na kwa mama aliye peke yake na mtoto mgongoni ni nafuu kubwa.

Choo ni jambo la kupanga mapema kwenye bonanza. Choo cha shimo cha wanafunzi kina tundu la kutosha mguu wa mtu mzima, na mtoto wa miaka miwili anaogopa kuchuchumaa juu yake. Ana haki ya kuogopa. Beba poti dogo, au rudi kwenye pampasi kwa siku hiyo hata kama ameshaanza kuacha. Siku moja ya pampasi haiharibu mafunzo. Kubana mkojo kwa saa nne kunayaharibu.

Ali Hassan Mwinyi

Uwanja huu umepokea mechi za Ligi Kuu, na mashindano makubwa ya shule yanapofika Tabora, kama fainali za taifa za UMISSETA za mwaka 2022, ndiko macho yanakoelekea. Faida yake kwa mtoto ni kwamba umemketisha, na wachezaji wako mbali naye. Hasara zake ni ngazi za zege, watu, na kutoka.

Ngazi za zege zina kingo kali na hatua ndefu kuliko mguu wa mtoto wa miaka miwili. Atataka kuzipanda na kuzishuka mechi nzima, na hutaona hata kona moja. Zege iliyopigwa na jua mchana inaendelea kuwa ya moto jioni, kwa hiyo keti juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne. Chukua safu za chini karibu na njia ya kutokea, kamwe usikae katikati ya safu ndefu. Uliza getini kama ukitoka unaruhusiwa kurudi. Na ondokeni dakika 10 kabla ya mwisho. Umati unaobanana kwenye geti moja unamsukuma mtu mzima asipotaka, na aliyebebwa mkononi ndiye anayekandamizwa kwanza.

Mechi ikielekea kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti, nendeni zenu, hata kama ni fainali na hata kama ni timu ya mtaa wenu. Hapo ndipo watu wanapoacha nafasi zao, wanasogea kuelekea goli moja, na furaha au hasira inalipuka kwa sekunde moja. Kwenye uwanja wa shule ni vilevile, tena huko hawana hata uzio wa kuwazuia.

Mgongoni, mkononi, mabegani au kwenye kigari

Mtoto wa mwaka mmoja ana uzito wa kilo 9 hivi, wa miaka miwili kilo 12, wa mitatu kilo 14. Mbeleko ya kanga au kitenge mgongoni inawashinda wote wengine kwa mtoto hadi kilo 12: mikono yako iko huru, mtoto hakimbii, na akisinzia analala. Kasoro yake ni joto, maana kifua chake na mgongo wako vinagusana. Kila dakika 20 au 30 mfungue, mfute jasho, mpe maji au nyonyo. Usimfunike kichwa na uso kwa kanga kumkinga na vumbi. Hewa chini yake inakuwa ya moto haraka na humwoni anavyobadilika. Kofia yenye ukingo mpana inatosha.

Kumweka mabegani kunampendeza mtoto kuliko yote na kunatutia wasiwasi kuliko yote. Goli likiingia unaruka wewe mwenyewe kabla hujafikiri. Mabegani ni kwa mapumziko tu, umeshika miguu yote miwili. Kigari cha mtoto kiache nyumbani: magurudumu madogo yanazama kwenye kichanga, na kwenye ngazi ni mzigo wa tatu.

Kwenda na kurudi, bajaji ni bora kuliko bodaboda ingawa nauli ni kubwa zaidi. Hakuna helmeti ya saizi ya mtoto wa miaka miwili kwenye bodaboda zetu, na mtoto aliyelala mgongoni kwa mama anayeyumba kwenye mashimo shingo yake haina kinga. Ukiweza kutembea kwa dakika 20, tembea.

Vinavyouzwa pembeni

Karanga ndizo za kwanza kukataa. Za kukaanga au za kuchemsha, mtoto chini ya miaka minne au mitano asipewe punje nzima, hasa uwanjani, ambapo anakula huku akikimbia, akicheka, na akishtuliwa na kelele. Anavuta pumzi kwa mshtuko, na punje inakwenda kwenye njia ya hewa. Hali ni hiyohiyo kwa bisi, pipi, ubuyu wenye mbegu na vipande vya muwa. Matobolwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni vyakula vyetu vizuri, lakini vikavu kama vilivyo ni vigumu kwa meno yake. Viloweke au vichemshe nyumbani hadi vilainike. Asali ya Tabora iwe ya watu wazima ikiwa mtoto hajatimiza miezi 12, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.

Barafu na juisi za kufungwa kwenye mifuko hutengenezwa kwa maji ambayo hujui kama yalichemshwa. Beba yako: lita 1 ya maji yaliyochemshwa kwa kila watu wawili, pamoja na ndizi mbivu, chapati laini au kiazi kitamu kilichopondwa. Mpe uji kabla ya kutoka, kama saa 9:30, baada ya usingizi wa mchana. Aliyeshiba na aliyelala anavumilia mechi. Aliyekosa kimoja kati ya hivyo havumilii.

Maji ya kawaida, mafunda madogo madogo kila dakika 15, yanatosha kwa mtoto mwenye afya. Anayenyonya anyonye mara nyingi zaidi kuliko nyumbani. ORS ni ya mtoto anayeharisha, na mtoto anayeharisha hana kazi uwanjani. Dalili za kuondoka mara moja ni hizi: ngozi ya moto, mdomo mkavu, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa 6, au aliyekuwa anaruka sasa amelegea na hataki kucheza. Mweke kivulini, mvue nguo za juu, mfute kwa kitambaa cha maji ya kawaida, mpe maji. Asipochangamka, au akitapika au kulegea zaidi, ni kituo cha afya.

Mtoto mwenye ualbino anaweza kuufurahia mpira kama wengine, kwa masharti magumu kidogo: kipindi cha pili tu, kivulini muda wote, mikono mirefu, suruali, kofia yenye ukingo wa pande zote, na losheni ya kinga ya jua iliyopakwa kabla ya kutoka nyumbani.

Mwezi gani

Juni na Julai ni bora, na bahati nzuri ndio msimu wa mashindano ya shule. Hakuna mvua, mchana si mkali sana, ila jioni inapoa haraka, kwa hiyo sweta iwemo kwenye mfuko. Agosti upepo unatimua vumbi. Mwenye pumu au kikohozi abaki nyumbani. Septemba na Oktoba joto ni kali, na hata saa 10:30 jioni bado ni mapema kwa mtoto.

Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua, na Tabora mvua huja na radi. Hapa ushauri wote wa mti unageuka. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ondokeni uwanjani muingie darasani au ndani ya gari, hata kama mechi inaendelea. Usikae chini ya mti, wala karibu na goli la chuma. Novemba na Desemba pia ni msimu wa maembe, na chini ya mwembe wenye matunda kuna wanafunzi wanaoangua kwa mawe. Tafuta mti mwingine.

Mwezi wowote, muwe njiani kurudi kabla jua halijazama. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliuweka mkoa wa Tabora juu kuliko mikoa yote kwa malaria ya watoto chini ya miaka mitano, asilimia 23. Mbu wanaoieneza wanaanza kutafuta damu giza likiingia, na pembeni mwa uwanja wenye majani na madimbwi wanampata mtoto aliyevaa kaptula. Mechi iliyochelewa hadi saa 10:30 inakwisha saa 12:15 bila nyongeza. Ikienda kwenye matuta, giza linawakuta hapo. Soksi na suruali ndefu zivaliwe mapema, wakati wa mapumziko, maana saa 12 mtoto amechoka na atagoma.

Kaka au dada akiwa mchezaji

Familia nyingi zinakwenda kwa sababu hii, na inabadilisha uchaguzi. Mtoto akimwona kaka yake kwenye jezi, atamwita, na kaka asipoitika atamkimbilia. Kwenye uwanja wa shule usio na uzio hiyo ni hatari ya kweli, kwa hiyo katika hali hii pekee Ali Hassan Mwinyi unaweza kuwa bora hata kwa mtoto wa miaka miwili na nusu. Kama mechi ni ya shuleni, muwe upande wa pili wa uwanja kutoka benchi la timu yake, na mtoto awe mgongoni kaka yake anapoingia uwanjani na anapotolewa.

Usimpeleke mtoto kumsalimia wakati wa mapumziko. Dakika 15 hizo ni za kocha, na mtoto akishamshika kaka mguu hatamwachia bila kilio kitakachosikika kipindi chote cha pili. Mwambie kijana tangu nyumbani kwamba mtakuja, mtakaa upande gani, na kwamba mnaweza kuondoka kabla ya mwisho, ili asiyaangaze macho akitafuta watu ambao wameshafika nyumbani. Kama mtabaki hadi filimbi ya mwisho, subirini kwenye mkeka wenu. Yeye ndiye aje, akishavua njumu.